Kuwapima washindani kwenye Google: njia nne kwa mfanyabiashara wa Kigoma

Mfanyabiashara wa Kigoma akiulizwa washindani wake ni akina nani, kwa kawaida hunyoosha kidole. Mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ataonyesha nyumba nyingine za mtaa wa pili, na muuza dagaa wa Kibirizi atamtaja mwenzake ambaye vichanja vyao vinapakana. Sokoni jibu hilo linatosha. Kwenye Google halitoshi, kwa sababu huko mshindani ni ukurasa wowote unaokaa juu ya ukurasa wako pale mteja anapoandika maneno fulani, hata kama mwenye ukurasa huo hauzi kitu chochote. Mwenye boti anayewapeleka wageni Gombe ana washindani ambao hajawahi kukutana nao gatini: tovuti ya Hifadhi za Taifa, kampuni za utalii za Arusha, Tripadvisor, SafariBookings, hata Wikipedia. Mtalii aliyeko Ujerumani huwakuta hao kwanza, kabla hajajua kwamba mashua za Gombe huondokea Kigoma mjini.

Asiyewapima washindani hao huchagua maneno ya tovuti yake kwa kubahatisha. Anaweza kutumia miezi sita akipigania neno asiloweza kulipata, huku neno jepesi lililo karibu na mkoba wa mteja likibaki wazi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatengenezea tovuti wafanyabiashara wa hapa na wachache wa Tabora, na wengi hukwama mahali pamoja: wanajua kwamba wanapaswa kupima, ila hawajui wapime kwa njia gani. Njia zinazopatikana ni nne. Ya kwanza ni kutafuta mwenyewe kwa mkono na kusoma kurasa zinazojitokeza. Ya pili ni kutumia vifaa vya bure vya Google. Ya tatu ni kulipia programu za uchambuzi kama Ahrefs, Semrush au Moz. Ya nne ni kumpa kazi hiyo mtaalamu.

Nimezilinganisha kwa mambo matano ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua: njia inakuonyesha nini hasa kuhusu mshindani, inalijua soko letu na lugha yetu kwa kiasi gani, inagharimu fedha kiasi gani, inadai muda na ujuzi gani, na inaweza kukupotosha wapi. Nimelitilia mkazo zaidi jambo la pili, kwa kuwa miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya masoko ya Marekani na Ulaya na hulipita bila kuligusa.

Kila njia inaonyesha nini

Kutafuta kwa mkono kunakuonyesha kile kile anachokiona mteja. Unaandika neno, unaangalia matokeo kumi ya kwanza, kisha unafungua kila ukurasa na kuusoma. Utagundua ni aina gani ya ukurasa ambayo Google inaipendelea kwa neno hilo: makala ndefu, orodha ya bei, video, au ramani yenye biashara tatu. Utaona maswali ambayo watu wengine huuliza, maoni ya wateja, na tarehe ya mwisho ukurasa ulipoguswa. Ukikuta nafasi za juu zimeshikwa na machapisho ya zamani ya Facebook, hati za serikali zilizopakiwa miaka mingi iliyopita na habari za magazeti zinazotaja neno lako kwa kupita tu, basi hapo hapana mwenyeji, na ukurasa mmoja uliotengenezwa kwa uangalifu unaweza kuchukua nafasi. Jicho la mtu hulitambua jambo hilo upesi. Jicho hilo hilo haliwezi kukuambia ni watu wangapi hulitafuta neno hilo kwa mwezi, wala ni tovuti ngapi zimeweka viungo (linki) vinavyoelekea kwa mshindani.

Vifaa vya Google vimegawana kazi. Search Console inakuonyesha tovuti yako mwenyewe: maneno yaliyokufanya uonekane, mara ulizobofywa, na wastani wa nafasi yako kwa kipindi cha hadi miezi 16. Haimtaji mshindani hata mmoja. Hata hivyo, ukiona kwamba kwa neno fulani unaonekana mara nyingi ukiwa katika nafasi ya 14, umejua kwamba Google inakuhesabu kuwa unahusika na kwamba wapo wachache tu waliokutangulia, na unaweza kwenda kuwatazama. Keyword Planner hukadiria idadi ya utafutaji, na hukubali pia uipe anwani ya tovuti ya mshindani ili ikupendekezee maneno yanayohusiana nayo. Google Trends hulinganisha maneno kwa kipimo cha 0 hadi 100, hivyo inaonyesha neno lipi linapanda na katika msimu gani, bila kutaja idadi. Kuna pia PageSpeed Insights, ambayo hupima kasi ya ukurasa wowote, ukiwamo wa mshindani, jambo ambalo watu wengi hawalijui.

Programu za kulipia ndizo pekee zinazomfungua mshindani kwa upana. Zina roboti zinazozunguka mtandaoni zikikusanya viungo, na zina hazina kubwa ya maneno na matokeo yake. Ukiingiza anwani ya mshindani, zinakuorodheshea nani amemwekea viungo, ni maneno gani yanamleta juu, na ni yapi anayo yeye ambayo wewe huna. Umuhimu wa viungo hivyo ni wa tangu mwanzo wa Google yenyewe, kwani wazo la PageRank ambalo Larry Page na Sergey Brin walilichapisha mwaka 1998 lilikuwa kuhesabu kiungo kama ushahidi wa kuaminika. Chukua neno "Gombe": Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika huko mwaka 1960, na kwa zaidi ya miongo sita vyuo, magazeti na majarida ya sayansi yamekuwa yakiandika kuhusu sokwe wa pale. Ukitaka kujua ni kwa nini ukurasa wako haupandi kwa neno hilo moja, orodha ya viungo vya walioko juu itakujibu kwa dakika tano.

Mtaalamu, naye, huonyesha kile anachokijua. Mzuri atachanganya njia zote tatu, kisha aongeze kitu ambacho chombo hakina: atakaa na wewe, atasoma ujumbe ambao wateja wamekutumia, na atatofautisha mshindani wa kweli na jina kubwa linalokaa juu kwa sababu nyingine kabisa.

Inaijua Kigoma kwa kiasi gani

Mara ya kwanza nilipolipia programu ya uchambuzi kwa mwezi mmoja, niliiingizia maneno thelathini ya mama mmoja anayeuza dagaa na mawese kwa jumla. Karibu yote yalirudi na sifuri. Nilikuwa ninaelekea kumshauri aachane na wazo la tovuti, lakini nikiwa nimeketi dukani kwake simu yake iliita mara mbili, Dodoma na Dar es Salaam, watu wakiuliza bei ya gunia. Tuliutengeneza ukurasa hata hivyo, na baada ya muda yale maneno ya sifuri yalianza kujitokeza moja moja kwenye Search Console. Tangu siku hiyo ninaisoma sifuri ya Kiswahili kwa maana ya kwamba chombo hakina taarifa, na simruhusu mteja wangu aisome kwa maana ya kwamba watu hawapo.

Sababu yake inaeleweka. Programu hizi hukisia kutokana na takwimu zilizokusanywa, na pale utafutaji unapokuwa mdogo au umetawanyika katika namna nyingi za kuandika, makisio hukosa cha kushika. Kiswahili cha mteja kimetawanyika kweli. Mwalimu ataandika "dagaa wa Kigoma", mnunuzi ataandika "dagaa za kigoma" au "dagaa kigoma bei", na anayetafuta pa kulala anaweza kuandika lodge, logi, gesti au nyumba ya kulala wageni. Kila namna hubeba sehemu ndogo ya watu, na ikitazamwa peke yake kila moja huonekana haina mtu. Hapo njia ya mkono ina nguvu kubwa, kwa kuwa anayepima ni mtu anayeisikia lugha hiyo kila siku. Mtaalamu wa Kigoma au Tabora ana faida hiyo hiyo. Mtaalamu wa mbali, hata akiwa hodari sana, atahitaji kuorodheshewa.

Mizani hugeuka pale wateja wako wanapokuwa wageni. Kwa maneno ya Kiingereza kuhusu sokwe wa Gombe na Mahale, au kwa Kifaransa cha wateja wanaovuka ziwa kutoka Bujumbura na Kalemie, programu za kulipia zina taarifa za kutosha kuliko mtu yeyote wa hapa anavyoweza kukisia, na mfanyabiashara asiyekifahamu Kifaransa hawezi kuisikia lugha ya mteja kwa sikio lake.

Liko jambo la mahali pia, na hili linawakosesha wengi wanaopima kwa mkono. Kwa biashara za karibu, Google inaeleza kwamba hupanga matokeo kwa kuangalia mambo matatu: uhusiano wa biashara na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Ukisimama Mwanga, hapa Kigoma mjini, ukaandika "hoteli", utaona kitu tofauti na anachokiona mtu wa Dar es Salaam anayeandika "hoteli Kigoma" kabla ya kupanda treni, na mgeni huyo wa pili ndiye mteja wako. Kutumia hali fiche ya kivinjari (incognito) huondoa athari ya historia yako ya utafutaji, lakini hakukuhamishi ulipo. Zaidi ya hayo, mtandao wa simu mara nyingi huifanya Google idhani uko mji mwingine. Angalia chini kabisa ya ukurasa wa matokeo, mahali pameandikwa pale. Dawa niliyoizoea ni kumwomba ndugu aliye Dar es Salaam au Mwanza atafute maneno yale yale na anitumie picha ya skrini. Programu za kulipia zina uwezo wa kuiga utafutaji wa nchi au mji mwingine, ingawa mji mkubwa huigwa vizuri kuliko wilaya zetu.

Gharama

Njia ya mkono inakula bando na kalamu. Vifaa vya Google havilipiwi, ila Keyword Planner inadai akaunti ya matangazo, na akaunti isiyotumia fedha huonyeshwa makadirio mapana mno, kama vile 100 hadi 1,000, ambayo hayatofautishi neno zuri na la wastani. Vifurushi vya kawaida vya programu za kulipia hufika dola 100 hivi au zaidi kwa mwezi na hukatwa kwa kadi. Kwa mwenye duka hiyo ni fedha nyingi, lakini si lazima ulipie mwaka mzima: lipia mwezi mmoja, pakua kila unachohitaji, kisha sitisha. Ahrefs huwapa wenye tovuti ruhusa ya kukagua tovuti zao wenyewe bila malipo. Kwa mtaalamu hakuna bei inayofanana, kwa hiyo kabla ya kukubaliana mwombe aandike atakachokupa: maneno mangapi, washindani wangapi, na kwa muundo gani.

Muda na ujuzi

Maneno ishirini yenye matokeo kumi kila moja ni kurasa mia mbili, na kuzisoma kwa uaminifu huchukua siku mbili au tatu. Ujuzi unaohitajika ni wa kusoma na kuandika kumbukumbu katika jedwali: neno, nani yuko juu, ni aina gani ya ukurasa, umeandikwa lini, unajibu swali au haujibu, na unafunguka vipi kwenye simu ya kawaida. Usikipuuze kipengele hicho cha mwisho, kwa kuwa Google huisoma tovuti kwa sura yake ya simu, na ukurasa wa mshindani unaofunguka kwa taabu ukiwa Kasulu ni udhaifu unaoweza kuutumia.

Search Console huhitaji kuthibitisha kwamba tovuti ni yako, kazi ya nusu saa kwa anayejua, na baada ya hapo inataka subira, kwa sababu tovuti mpya haina cha kuonyesha kwa wiki kadhaa. Programu za kulipia hutoa takwimu kwa dakika chache, ila kuzielewa ndiko kunakochukua siku, hasa kwa kuwa maelezo yake ni ya Kiingereza na istilahi ni nyingi. Kwa mtaalamu, muda wako unatumika mwanzoni kumweleza biashara na mwishoni kumhoji. Asiyetenga muda huo hupokea ripoti nene ambayo hataifungua tena.

Mahali kila njia inapopotosha

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote liko kwenye Keyword Planner. Pana safu inayosema ushindani ni mdogo, wa wastani au mkubwa, na watu huichukua kama kipimo cha ugumu wa kupanda kwenye matokeo. Safu hiyo inahusu watangazaji wanaolipia neno hilo. Neno linaweza kuwa na ushindani mdogo wa matangazo huku nafasi zote kumi za matokeo ya kawaida zikiwa zimeshikwa na tovuti zenye nguvu, na kinyume chake pia hutokea. Nimewaona watu makini wakipanga kazi ya mwaka mzima juu ya safu hiyo, na iliniuma kuwaambia.

Programu za kulipia zina alama za nguvu ya tovuti: Moz wana Domain Authority, Ahrefs wana Domain Rating, Semrush wana Authority Score, zote zikiwa na kilele cha 100. Alama hizo zimetungwa na kampuni zenyewe na Google haizitumii. Zinasaidia kulinganisha tovuti mbili ndani ya programu moja, lakini alama ya kampuni moja hailinganishwi na ya nyingine. Ya Moz, kwa mfano, hupanda kwa namna ambayo kutoka 70 hadi 80 ni safari ngumu kuliko kutoka 20 hadi 30. Kipimo cha Ahrefs cha ugumu wa neno, nacho, huangalia viungo vya kurasa kumi za juu. Hakisomi kama kurasa hizo ni nzuri. Neno linaweza kuonekana gumu ilhali kurasa zote za juu zinaongelea jambo jingine. Chukua neno "Ujiji": matokeo yake yamejaa habari za Livingstone na Stanley waliokutana pale mwaka 1871, na viungo vyake ni vingi, lakini mtu anayetafuta chumba cha kulala Ujiji hataridhika na kurasa hizo, na mwenye nyumba ya wageni hana sababu ya kuziogopa.

Search Console huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana ili kulinda faragha, kwa hiyo orodha yake haijakamilika, na wastani wa nafasi huchanganya mahali pote; nafasi ya 8 inaweza kuwa ya 2 kwa mtu wa Kigoma na ya 30 kwa mtu wa mbali. Njia ya mkono inapotosha kwa namna mbili: ni picha ya siku moja, na mpimaji huogopa majina makubwa au huwadharau wadogo kwa hisia. Rudia maneno yale yale baada ya wiki mbili kabla ya kuamua.

Kwa mtaalamu, jihadhari na anayekuahidi nafasi ya kwanza, kwa sababu Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuihakikisha. Jihadhari pia na anayependekeza kununua viungo kwa kuwa mshindani amenunua. Kununua viungo ili kupanda ni kuvunja kanuni za Google, na atakayeadhibiwa ni tovuti yako.

Kwa hali yako, uanzie wapi

Ukiwa na nyumba ya wageni, mgahawa au karakana na wateja wako ni wa mkoa huu au wasafiri wanaokuja, njia ya mkono ndiyo ya kuanzia, ukitumia macho ya watu walio miji mingine kama nilivyoeleza. Ukishakuwa na tovuti, ongeza Search Console siku hiyo hiyo, hata kama hutaifungua kwa miezi mitatu, kwa sababu haiwezi kukuonyesha siku zilizopita kabla hujaiunganisha. Programu ya kulipia katika hali hii itakurudishia safu za sifuri.

Ukiuza dagaa, migebuka, mawese, au asali ya Tabora kwa wateja wa miji ya mbali, changanya mkono na vifaa vya Google. Orodha ya maneno ichote kwenye ujumbe wa WhatsApp wa wateja wako, jinsi walivyoyaandika wao, kisha Trends ikuonyeshe msimu. Ikiwa asali yako inatafuta mnunuzi wa nje ya nchi, hiyo ni biashara nyingine kwa upande wa utafutaji, na mwezi mmoja wa programu ya kulipia kwa maneno ya Kiingereza unaweza kulipa.

Ukiendesha safari za Gombe na Mahale, unashindana na tovuti zenye umri na viungo vingi, na kukisia hakutakufikisha. Hapo gharama ya programu, au ya mtaalamu anayeimiliki, ni ndogo ukilinganisha na thamani ya kundi moja la wageni. Mpe kazi mahususi: atafute maneno marefu ambayo wakubwa hawajayaandikia, kwa mfano namna ya kufika kwa treni kutoka Dar es Salaam, ratiba ya mashua za umma, au mtu afanye nini akikosa boti. Hayo wewe unayajua kwa kuyaishi, na kampuni ya Arusha huyasikia kwa simu.

Ukiwa na fedha lakini huna muda, ajiri, lakini kwanza tafuta maneno matano mwenyewe na usome matokeo yake. Mchana mmoja unatosha, na utakupa maswali ya kumuuliza utakapoisoma ripoti yake.

Na kama bado huna tovuti, usingoje. Fungua Wasifu wa Biashara kwenye Google, ambao hauna malipo, kisha andika aina ya biashara yako pamoja na jina la mji na uangalie wale watatu wanaotokea kwenye ramani: wana maoni mangapi, la mwisho liliandikwa lini, wameweka picha gani, saa za kufungua zimejazwa au hazijajazwa, na simu yao inapokelewa. Yaandike kwenye daftari pamoja na tarehe ya leo.